Misungwi hadi Dar, nyama ikiwa bado jiwe: namna ya kuandaa deli kwa safari ya siku mbili

Ukienda ukweni kwangu Misungwi, mkoani Mwanza, huondoki mikono mitupu. Mbuzi anachinjwa, sato wanafuatwa mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, na siku ya kuondoka mzigo wa wajukuu walioko Dar es Salaam uko tayari kwenye friza. Zawadi ya namna hiyo haikataliwi. Lakini kati ya Misungwi na Dar kuna zaidi ya kilomita 1,000 za lami: Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro, Chalinze. Kwa gari dogo, ukiendesha kwa adabu na kulala njiani, nyama inakaa ndani ya deli, yaani sanduku la kutunzia baridi, kama saa 32.

Mwaka wa kwanza nilifungua deli Morogoro nikakuta maji mekundu yamefika nusu. Bonge la paja, ambalo nilidhani limeganda, lilikuwa na ganda gumu nje na uvuguvugu ndani. Tulimwaga karibu mzigo wote. Mke wangu hajamwambia mama yake hadi leo. Mbuzi yule alifugwa kwa miaka miwili, akalishwa na kuchungwa, akaishia kwenye shimo la taka kwa sababu ya uzembe wa usiku mmoja. Tangu hapo nimelifuatilia jambo hili kwa makini, na kila Desemba nyama inafika ngumu. Haya ndiyo ninayoyafanya.

Kwanza elewa baridi inatoka wapi

Watu wengi wanahangaikia deli na barafu ya kununua. Mimi nasema hivi: barafu yako kubwa ni nyama yenyewe. Nyama isiyo na mafuta mengi ni robo tatu maji. Kilo 20 za nyama iliyoganda sawasawa zimebeba ndani yake kama kilo 15 za barafu. Na barafu inapoyeyuka humeza joto jingi mno: joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuchemsha kilo ileile ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Akiba hiyo yote unaijaza ukiwa bado nyumbani, kwenye friza, kwenye umeme. Deli halitengenezi baridi. Linachelewesha tu joto lisiingie.

Ndiyo maana nyama iliyoingia friza jana usiku haina akiba, hata ukinunua deli la bei kubwa.

Jambo la pili watu hulikosea kila siku. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye nyuzi 0, na nyama huanza kulegea chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo barafu ya kawaida, hasa ile inayochuruzika maji uliyoinunua barabarani, haiwezi kuifanya nyama ibaki jiwe. Ukiitia kwenye deli lenye nyama ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mwanzoni barafu hiyo ndiyo yenye joto kuliko nyama, na nyama ndiyo inayoipoza. Barafu ya njiani ni ya dharura, nitaieleza mbele.

Siku nne au tano kabla: kuchinja, kupoza, kukata

Usigandishe nyama ikiwa bado na joto la mnyama. Nyama inayoingia friza kabla haijapitia ule ukakamavu wa baada ya kuchinjwa, inakuja kujikunja na kuwa ngumu ikiyeyushwa, na hata ukiichemsha nusu siku itakusumbua meno. Mbuzi akichinjwa Jumatatu asubuhi, nyama ipoe kivulini ikiwa imetundikwa na kufunikwa isitue nzi, kisha mapema kadiri inavyowezekana iingie kwenye friji ya kawaida, mpaka kesho yake. Maini, figo na utumbo viliwe hapohapo ukweni. Vinaharibika haraka na havistahili kugombania nafasi na paja.

Jumanne ndiyo siku ya kisu. Kata vipande vya mapishi, gawa kilo moja moja, na kila kilo uifunge ikiwa bapa, unene wa sentimita 3 au 4, kama kitabu kikubwa. Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa. Bonge nene linaganda nje na kuchelewa ndani, lakini pakiti bapa inaganda hadi katikati kwa usiku mmoja kwenye friza nzuri. Isitoshe, pakiti bapa zinapangika kama vigae bila kuacha mianya.

Mifupa yenye ncha iviringishe kwanza kwenye karatasi, isije ikatoboa pakiti na kuachia damu kwenye mzigo wote. Kwa vifungashio, ukiwa karibu na bucha yenye mashine ya kuondoa hewa, lipa, inafaa. Kama hakuna, tumia nailoni ya kufungia chakula, tabaka mbili, ukiibana hewa itoke, halafu makopo bapa ya plastiki yenye mfuniko kwa vile vyenye mchuzi au mafuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, basi usijenge mpango wako juu yake. Andika tarehe na aina ya nyama kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu ikishaganda, mbuzi na ng'ombe vinafanana.

Sato waparuliwe magamba, watolewe matumbo na matamvua, waoshwe, wakaushwe kwa kitambaa safi, kisha kila mmoja afungwe peke yake. Samaki asichanganywe na nyama kwenye pakiti moja, harufu haitoki.

Friza ina kikomo chake

Kwenye kibandiko cha friza, nyuma au ubavuni, huandikwa inaweza kugandisha kilo ngapi kwa saa 24. Kisome. Ukiirundikia kilo 25 mbichi kwa mkupuo, joto la ndani linapanda na vile vilivyokwisha kuganda vinaanza kulegea. Mimi naingiza nusu Jumanne jioni na nusu Jumatano jioni, nikitandaza pakiti zigusane na kuta, bila kuzibebanisha mpaka zimeshika. Zikishashika ndipo nazipanga na kuziacha usiku mwingine mzima zishuke hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama ya nyuzi 18 chini na nyama ya nyuzi 3 chini zote ni ngumu ukizigonga, lakini hazifiki Dar sawa.

Kujua kwa hakika, weka kipimajoto cha friza kati ya pakiti. Ni kifaa cha bei ndogo, kinauzwa maduka ya vyombo vya jikoni. Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na baridi yake kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24.

Chupa za barafu, na zile za chumvi

Chupa za maji za lita 1.5 zilizokwisha kunywewa ndizo barafu bora ya safari. Bonge kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande, maji yake hayamwagiki, na likiyeyuka unakunywa. Usijaze mpaka shingoni. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kama asilimia 9, basi acha nafasi ya vidole vitatu chini ya shingo, na kizibo ukikaze baada ya kuganda.

Kati ya chupa 8 ninazoandaa, 4 huwa za maji ya chumvi: gramu 100 za chumvi ya kawaida kwa kila lita, yaani vijiko vitano vya chakula na kidogo, vikorogwe mpaka viyeyuke. Maji hayo huanza kuganda kwenye kama nyuzi 6 chini ya sifuri, na yanapoyeyuka yanashikilia baridi iliyo chini ya ile ya nyama kulegea. Hizi ndizo zinazolinda ugumu wa nyama. Zinahitaji friza kali na siku mbili kamili, na zikibaki na uji kidogo ndani si kasoro. Zifungie kitambaa chekundu au uziandike CHUMVI pande zote. Mtoto mwenye kiu njiani hataonja kwanza.

Deli

Deli, au kulaboksi kwa wengine, lichague kwa unene wa ukuta na kwa mfuniko. Ukuta wa sentimita 2 wenye hewa tupu ndani ya mfuniko ni wa kupelekea soda ufukweni. Tafuta lenye foma, lile sponji gumu la kuzuia joto, hadi kwenye mfuniko. Gonga mfuniko kwa kidole, ukilia kama debe tupu hauna kitu ndani. Mpira wa kuzunguka mdomo uwe mzima. Jaribio la nyumbani: fungia kipande cha karatasi kwenye mdomo wa deli kisha ukivute. Kikichomoka bila ubishi, hewa inapita hapo, na baridi itaondokea hapo. Kama huna deli zuri, boksi jeupe la stairofomu la wauza samaki linafanya kazi vizuri ajabu, ila linavunjika, basi liweke ndani ya boksi gumu la karatasi na uzibe mshono wa mfuniko kwa selotepu pana.

Ukubwa ufuate mzigo. Kilo 25 za pakiti bapa pamoja na chupa 8 vinajaza deli la lita 60 vizuri. Deli kubwa lenye nusu ya mzigo ni hasara, kwa sababu hewa inayobaki ndani hupata joto upesi kila ukifungua.

Yale masanduku ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari yana aina mbili, na wauzaji hawasemi tofauti. Yenye kompresa, mota kama ya friji ya nyumbani, yanagandisha kweli, na bei yake ni kubwa. Yasiyo na kompresa hushusha joto nyuzi kama 15 hadi 20 tu chini ya joto la nje, kwa hiyo hayawezi kushika nyama iliyoganda. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksaidi iliyogandishwa, nayo ni kali, nyuzi 78 chini ya sifuri, lakini inarudi kuwa hewa inayoweza kumlevya na hata kumuua mtu ndani ya gari lililofungwa vioo. Ukiwa na watoto kwenye gari, achana nayo.

Usiku wa kuamkia safari

Deli lililoshinda stoo lina joto kwenye kuta zake. Lioshe, likaushe, kisha jioni weka ndani chupa mbili tatu za barafu za ziada na ufunge. Asubuhi unazitoa na kuziacha, zimekwisha kufanya kazi yake. Bila hivyo, chupa zako za safari zitaanza kwa kupoza plastiki.

Kupanga ni kazi ya dakika tano, isizidi. Nyama ikae frizani mpaka gari limeshapakiwa kila kitu na watoto wameshavaa viatu. Chini tandika gazeti, halafu chupa mbili za chumvi zilizolazwa. Juu yake pakiti za nyama, zimebanana kama matofali, zile za mwisho kutumika zikiwa chini. Ubavuni, palipo na mwanya, chomeka chupa. Juu kabisa laza chupa zilizobaki, kwa kuwa hewa baridi huteremka na mfuniko ndiko joto linakoingilia zaidi. Mianya midogo ijaze magazeti yaliyokunjwakunjwa. Funika na gazeti nene au taulo kavu kabla ya mfuniko. Samaki wakae upande mmoja, chini, ili kama pakiti itavuja isidondokee nyama.

Na hiki usikisahau: chupa ndogo ya nusu lita, jaza maji nusu, igandishe ikiwa imelala. Wakati wa kupanga isimamishe kwenye kona. Barafu itakuwa imeshikilia ubavu mmoja wa chupa. Ukifungua Dar ukaikuta bado imeshikilia ubavu, deli halikupanda juu ya nyuzi 0. Ukikuta imetulia kitako chini ya chupa, deli lilipanda juu ya nyuzi 0 wakati fulani, hata kama sasa kunaonekana baridi.

Zungushia deli selotepu. Si kwa ajili ya mfuniko tu. Ni kwa ajili ya mikono ya ndugu. Vinywaji vya safari viwe na deli lake dogo, kwa sababu deli la soda linafunguliwa mara 30 kwa siku na deli la nyama halifunguliwi hata mara moja.

Barabarani

Deli likae ndani ya gari, palipo na kiyoyozi, kuliko kwenye buti. Kama ni pikapu, lifunike blanketi na juu yake gunia la katani lililoloweshwa. Kati ya Shinyanga na Dodoma hewa ni kavu kuliko ya pwani, maji yanakauka haraka kwenye gunia na kuondoka na joto. Loweka tena kila mnaposimama. Kuanzia Chalinze kushuka pwani mbinu hiyo inapungua nguvu kwa sababu ya unyevu, blanketi kavu na kivuli vinafaa zaidi.

Tunaondoka saa 11 alfajiri. Mpaka jua liwe kali tumeshaipita Shinyanga, na mchana tunapanda Sekenke kuingia uwanda wa Singida, ambako kuna upepo. Mahali pa kula ni chini ya mti, si kwenye changarawe jeupe la kituo cha mafuta: gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 ndani kwa muda mfupi.

Tunalala Dodoma. Deli linaingia chumbani, sakafuni kwenye vigae, mbali na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Usishawishike kuomba friza ya hoteli na kuzipeleka chupa zigande upya. Kwa saa saba hazitaganda sawasawa, na wakati wa kuzitoa na kuzirudisha unapoteza baridi zaidi ya utakayopata.

Sehemu ngumu ni ile ya mwisho. Dodoma na Singida ziko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ukiteremka Morogoro na kuingia pwani, joto na unyevu vinapanda wakati akiba ya baridi imeshapungua, na foleni ya Kibaha hadi Kimara inaweza kula saa nyingine. Ndiyo maana tunatoka Dodoma saa 10 alfajiri: saa 2 asubuhi tuko Morogoro, na kabla ya jua la utosi tumeshaipita Kibaha. Gari likiharibika njiani, hapo ndipo barafu ya kununua inapokuwa na maana. Fungua, gusa pakiti za juu. Zikiwa bado ngumu, funga upesi. Zikiwa zimeanza kubonyea, ziba mianya yote kwa barafu na utoe maji ya zamani ikiwa pakiti zinaelea. Nyama haitakuwa jiwe tena, lakini itabaki chini ya nyuzi 4, na hicho ndicho unachokipigania kuanzia hapo.

Ukimtuma mtu au ukisafiri kwa basi

Deli lisiwekwe buti ya nyuma karibu na injini. Ongea na utingo kabla mizigo haijarundikwa: "Kaka, hili lina nyama ya wazee, naomba likae buti ya katikati, lisilale ubavu." Mwoneshe mshale uliouchora kwenye deli kuonesha upande wa juu. Siku zote nimesikilizwa nilipowahi kufika na kuomba kwa utaratibu. Waliochelewa ndio wanaosukumiwa mzigo popote. Kumbuka pia kwamba nyama ya biashara, na nyama inayovuka mpaka, ina vibali vyake vya mifugo. Ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya kabla hujachinja.

Kufika

Kabla ya kuoga, kabla ya salamu kwa majirani, fungua deli. Tazama kwanza ile chupa ndogo ya kona, kisha bonyeza kila pakiti katikati kwa kidole gumba.

Iliyo ngumu hadi katikati inaingia friza moja kwa moja. Iliyolegea nje lakini bado ina chembe za barafu ndani, au kipimajoto kinasoma nyuzi 4 au chini, ni salama. Unaweza kuirudisha friza, ingawa itapoteza maji na utamu kidogo. Sisi hizo tunazipika kesho yake. Iliyoyeyuka ikakaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, au saa 1 tu kama hewa imezidi nyuzi 32, inatupwa. Na kama hujui ilikaa muda gani, ihesabu kuwa imezidi. Usiinuse ili kuamua: vijidudu vinavyouguza tumbo havitoi harufu siku zote, na vingine huacha sumu isiyokufa hata nyama ikichemka. Najua uchungu wa kutupa. Lakini mama mkwe alituma nyama kwa ajili ya wajukuu, na wajukuu ndio wa kwanza kuzidiwa na tumbo la kuhara.

Maji ya chumvi yamwage, chupa zake zihifadhi na alama zake. Deli lioshe kwa maji ya moto na sabuni, pitisha maji yenye dawa kidogo ya klorini, suuza, anika juani mpaka likauke kabisa, na ulihifadhi mfuniko ukiwa wazi.